Mate ya Kerubo

Jumatatu, 5 Mei
Chai imechumwa, ng'ombe amekamuliwa, Kerubo ameogeshwa kwa vita kama kawaida. Ameniuma mkono. Ana miaka minane na meno yake yako sawa kabisa. Tangu avunje dirisha la darasa, simu ikiita tu moyo wangu unaruka. Leo alikuwa mwalimu mkuu tena: nimpeleke kwenye mafunzo ya watoto wasumbufu pale Ogembo, la sivyo asirudi shuleni. Baba yake yuko Nairobi, anasema niamue mimi. Rahisi kusema.

Alhamisi, 8 Mei
Tumeenda. Ukumbi wa kanisa, mikeka, vitu vya kuchezea. Mshauri ni msichana wa Nyamira, Madam Bosibori, sauti ya chini mno. Simwamini mtu asiyepaza sauti mbele ya Kerubo. Kazi yangu ni kukaa chini, kucheza anavyotaka mtoto, nisimwamrishe, na akifanya jambo zuri nilitaje. "Nimependa vile umekaa." Mimi, nimwambie mtoto hivyo! Nilisema kwa aibu.

Halafu likaja jambo lenyewe. Kila Jumatano, kabla ya chai ya asubuhi, Kerubo atafune pamba, pamba iingie kwenye kichupa, kichupa kiende maabara. Wanataka kuona kama mafunzo yanashusha homoni ya wasiwasi mwilini. Nimetia sahihi kwa sababu ya shule. Homoni ninazozijua mimi ni za sindano ya kupanga uzazi, na zilinitesa. Mtoto wa kike, homoni, halafu niambiwe nisijali?

Jumapili, 11 Mei
Mama mkwe ameuliza mate ya mjukuu wake yanapelekwa wapi. Yeye akimnyoa Kerubo huokota nywele zote na kuzitupa chooni, asije mtu mbaya akazipata. Huwa namcheka kichinichini. Leo sikucheka.

Jumatano, 14 Mei
Nimetafuna ile pamba mwenyewe. Kerubo alikuwa bado amelala. Kama kuna wa kuchezewa, wanichezee mimi, nimeshazaa. Mtu wa boda boda amebeba kichupa bila kuuliza. Sijutii.

Jumamosi, 31 Mei
Sabato. Kerubo amekaa kanisani mpaka mwisho, hajampiga mtoto wa mtu. Shule imekubali aje nusu siku. Watu wananipongeza, mimi nachunguza. Nikashuku juisi wanayowapa kule ukumbini. Nimeionja. Ni juisi tu. Pamba bado natafuna mimi.

Jumatatu, 9 Juni
Madam Bosibori ameniita peke yangu. Anasema Kerubo ametulia kuliko wenzake, lakini mate yanasema mengine. Homoni ya wasiwasi iko juu na haishuki. Akauliza, kwa sauti yake ile ile, "Mama Kerubo, kuna mtu anamchapa mtoto huko nyumbani?" Alhamisi watu wa ofisi ya watoto watakuja kwangu kuangalia.

Nilijua hawa watu wanatafuta kitu! Nikatoka bila kuaga. Nilikuwa nimeshapita soko ndipo nikakumbuka mate ni ya nani.

Jumanne, 10 Juni
Naogopa. Nikisema, watatufukuza na shule itamkataa. Nikinyamaza, watakuja na huenda wakamchukua. Mama mkwe anasema ninyamaze. Yeye si mama yake.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Madam yote, hata habari ya nywele na choo. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Hatufukuzwi. Ziara imesimamishwa mpaka mate ya Kerubo mwenyewe yapimwe. Nikashukuru, nikashika mkoba.

Akanizuia. Akauliza ni nini kinachonitisha hivi, hata asubuhi kabla sijanywa chai. Nikafungua mdomo nimwambie hayamhusu. Simu ikaita mkobani. Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa mnunuzi wa ndizi. Madam aliinua kiti, hakuuliza tena.

Jumatano, 18 Juni
Kerubo ametafuna pamba mwenyewe, akasema ni mbaya. Mama mkwe alikisindikiza kile kichupa kwa macho mpaka barabarani. Mimi pia. Sijui bado watayafanyia nini hayo mate, na nitauliza.

Alasiri Kerubo alinivuta mkekani. Yeye Madam, mimi mtoto. Tukajenga nyumba ya magunzi ya mahindi. Simu ikaita ndani. Nilishtuka, lakini sikuinuka. Ikaita mpaka ikanyamaza. Kerubo aliweka gunzi lake juu ya paa, akanitazama.

"Mama, nimependa vile umekaa."