Mfuniko wa Sufuria

Jumamosi

Basi leo nimeenda. Wiki tatu tangu Koku amzike mumewe najiambia nimwache apumzike, kumbe naogopa tu. Nitamuuliza nini? Unaendeleaje? Mume kafa, anaendeleaje!

Nikajipa kisingizio. Sufuria niliyowaazima msibani ilirudi bila mfuniko, nikatoka Kashai hadi Nyanga kuudai.

Koku akautoa chini ya kitanda.

“Niliuficha mimi,” akasema. “Waliochukua vyombo vyao vyote hawajarudi tena. Wewe, kwa ubahili wako, nilijua lazima utakuja.”

Bahili, mimi! Tumecheka mpaka akalia, nikalia naye.

Nimeshapanda bodaboda, nikamsikia akiita, “Mama Jeni, umesahau mfuniko!”

Nikamwambia dereva aongeze mwendo.