Kigurudumu cha Mpira

4 Februari

Kwako Nukta,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una homa basi iwe ya kukohoa, si ya kulala. Mimi nipo. Magoti yanalalamika kila nikiona ngazi, na miwani nimebadilisha mara tano tangu tuachane, lakini nakula na kulala vizuri. Binti yangu, yule uliyemwacha anatambaa, sasa ana mtoto ambaye ananifundisha mimi kutumia simu.

Anwani yako nimepewa na dereva wa lori uliyemtengenezea mizani. Alinipa na namba yako ya simu, nikaiandika, kisha nikaichana. Miaka thelathini na moja haianzwi kwa "haloo".

Acha nisizunguke mbuyu. Kile kinasa sauti chetu cha rili mbili za kuzungushia utepe bado ninacho. Mwezi uliopita nilikiteremsha kutoka juu ya kabati, nikakifungua mezani, na tangu siku hiyo mezani hapaliwi chakula. Mkanda wa mpira unaozungushwa na mota ulikuwa umeyeyuka, umekuwa kama lami. Nimeukwangua kwa kijiti na kuweka mwingine. Fundi redio wa hapa jirani amebadilisha kapasita mbili, kwa hiyo ule mngurumo umeisha. Mota inazunguka. Taa ya kijani inawaka kama zamani. Kinachokosekana ni kile kigurudumu kidogo cha mpira kinachoubana utepe na kuuvuta. Nacho hatuna haja ya kuulizana kiko wapi. Siku tuliyofunga ofisi yetu ya kurekodi mimi nilibeba mashine na utepe wake, wewe ukachomoa kigurudumu mbele ya macho yangu, ukakitia mfukoni na kuondoka.

Nilikuita mwizi siku ile, mbele ya wateja. Niliucheza utepe wa mama yangu nikasikia kelele tupu, nikasema umeufuta ili umrekodie mtu mwingine, na kwamba umemzika mara ya pili. Bado naamini hivyo, sikufichi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini sikuandikii tugombane.

Nukta, nimeanza kumwota. Nikisinzia mchana baada ya kula namwona amekaa kwenye cherehani yake, jua limeingia dirishani mpaka miguuni pake, ananitazama kama anayetaka kunituma dukani. Anafungua mdomo. Sauti haitoki. Wiki iliyopita mjukuu aliniuliza mama yangu alikuwa anaongeaje, nikataka kumwigizia, nikashindwa. Maneno yake ninayo mengi. Sauti yenyewe imenitoka. Unakumbuka tulimrekodi mara moja tu, na wiki mbili baadaye tukamzika.

Fundi redio anasema utepe uliofutwa haraka huacha mabaki, kama karatasi iliyoandikwa kwa penseli ikafutwa. Nataka hayo mabaki tu. Kama kigurudumu hukukitupa, nakuomba.

Mimi, uliyekuwa ukimwita kaka,
Miwani


22 Februari

Kaka Miwani,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mke wangu hajambo, anakusalimu ingawa hakujui. Sukari ninayo kidogo, daktari amenikataza kila kitu chenye ladha. Pole na magoti.

Kigurudumu kiko ndani ya hiki kikopo. Usishangae ile poda. Ni ya watoto, inazuia mpira usipasuke. Kila mwaka nilikitoa, nikakifuta, nikakipaka nyingine. Mke wangu aliwahi kuniuliza hiyo ni dawa ya nini, nikamwambia ya mgongo.

Habari ya kufuta sitaijibu leo.

Kabla hujawasha, safisha kichwa, kile kipande cha chuma kinachousoma utepe. Tumia pamba na spiriti, usitumie kucha kama ulivyokuwa na tabia. Kigurudumu kizunguke chenyewe ukikisukuma kwa kidole. Kikikwama, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, na lisiguse mpira.

Halafu, utepe wa Mama umekaa kinyume. Upande unaong'aa ndio unaotazama kichwa, na sauti imelala upande ule mwingine, usiong'aa. Ukiucheza hivyo hivyo utasikia kelele ya mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya godoro. Uhamishe wote kwenye rili tupu kwa mkono, ukiugeuza nusu mzunguko pale mwanzo. Usitumie mota. Ni mkavu, utakatika.

Ukifanikiwa niandikie. Usipofanikiwa niandikie vilevile.

Nukta


15 Machi

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Pole na sukari, na mwambie shemeji nimepokea salamu zake kwa mikono miwili. Hapa wote wazima isipokuwa mimi, sijui kama mimi ni mzima. Ukiona herufi zinapanda kilima utanisamehe.

Nilifanya kama ulivyosema. Kuuhamisha utepe kulinichukua mchana wa siku mbili. Nilikaa karibu na dirisha nikiuzungusha kwa kidole, unateleza kati ya vidole kama maji ya vuguvugu, na nusu ya muda nadhani nilikuwa nimelala macho wazi. Siku ya tatu nikaweka kigurudumu chako. Kikakaa palepale, kama hakijawahi kutoka. Nikabonyeza.

Kwanza ni vifungo. Unakumbuka lile kopo lake la vifungo? Anavimwaga kwenye sinia, anavichagua, anavirudisha. Vifungo, vifungo, halafu yeye: "Hii mashine yenu inakula umeme kiasi gani?"

Nukta, ile ndiyo sauti yake. Ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Mimi nilikuwa nimejitengenezea mama mwenye sauti nzito, sijui nilimtoa wapi.

Anasema tuvue viatu. Kisha anasimulia ndoto aliyoota: nyumba imejaa maji mpaka madirishani na hakuna aliyelowa, na sisi wawili tumelala juu ya meza, tumefunikana kwa shati moja, naye anapita chini yetu akiogelea polepole, kopo la vifungo limo kwapani, asitake kutuamsha. Anacheka mwenyewe. Anasema hata hajui kuogelea. Nilizima hapo. Nilikuwa nimeshiba.

Kwa hiyo hukufuta. Kelele ile niliyoisikia siku ile haikuwa mabaki, ilikuwa sauti yake yote, imepewa mgongo. Na aliyeugeuza ni mimi. Nimekumbuka. Siku ya msiba watu walipokuwa wanahamisha meza, rili ilidondoka, utepe ukamwagika sakafuni, nami nikaukusanya kwa vidole huku nalia. Hapo ndipo ulipojipinda. Nilikuita mwizi bure. Nisamehe. Nimeliandika neno hili mara moja tu kwa kuwa nikilirudia litaonekana la bei rahisi.

Sasa nina swali, na limenizuia kusikiliza zaidi. Katika barua yangu sikukuambia utepe umekaa kinyume. Mimi mwenyewe sikujua. Na wewe hujauona utepe ule tangu siku tuliyogombana.

Ulijuaje?

Kaka yako,
Miwani


3 Mei

Nukta,

Salamu. Natumaini kimya chako si cha hospitali. Sijapata jibu. Mashine nimeifunika kitambaa, sijaigusa tena.

Kama hutaki kusema, sema hutaki.

Miwani


20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, na ningekuwa mgonjwa ingekuwa afadhali, ningekuwa na kisingizio.

Niliandika barua ya kukuambia kwamba nilibahatisha. Kwamba kwa uzoefu wangu kelele ya namna ile mara nyingi ni utepe uliopinda. Ilikuwa barua nzuri, ungeiamini. Nimeichana mara nne.

Niliona, kaka. Siku ile ile. Ulipobonyeza na kelele ikaanza, ulikuwa unanitazama mimi usoni, na mimi nilikuwa naitazama mashine. Utepe ulikuwa unapita kwenye kichwa ukimeta kwa ule mwanga wa dirishani. Mwanafunzi wa wiki moja angeuona. Neno lilikuwa moja tu, "geuza", na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ila wewe ulitangulia. Ulisema ulichosema, na wateja wakainuka wakinitazama mikono kama wanaotafuta damu. Nikalimeza.

Nilijiambia, acha ateseke mpaka Jumatatu. Jumatatu atakuja kuniomba radhi, nami nitaugeuza mbele yake, na hapo ataona haya mpaka uzeeni. Nikachomoa kigurudumu ili usije ukagundua mwenyewe kabla hujaniomba. Hilo ndilo baya zaidi, na ndilo nililotaka ulijue. Sikukichukua kwa hasira. Nilikichukua kwa hesabu.

Jumatatu hukuja. Nami sikuja. Mwezi ukapita, halafu ikawa si kiburi tena, ikawa aibu, na aibu ukiilaza usiku mmoja inaamka imenenepa. Ningekuambiaje baada ya mwaka? Baada ya miaka kumi? Nilikuwa napaka kile kigurudumu poda na kusema mwaka huu. Mkono wangu unarekebisha mizani za watu kila siku, kilo iwe kilo, na jioni narudi nyumbani na kile kikopo kipo kwenye droo.

Mama alinilisha miaka sita katika nyumba ile. Hakuna siku aliyoniuliza wewe ni mtoto wa nani. Nami nimemfunga mdomo miaka thelathini na moja.

Sikuombi chochote. Hata hii barua usiijibu kama inakukera. Utepe ni wako, mashine ni yako, na kigurudumu ni chako.

Mdogo wako, kama bado,
Nukta


9 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji hajambo? Sukari vipi? Hapa tuko salama, mjukuu ameng'oka jino na anadai nami ning'oe tufanane.

Umeona nimechelewa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na kazi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaenda kutembea mpaka viatu vikanichubua. Wiki nzima nilikuchukia. Wakati naamini umemfuta, nilikuchukia kama mtu anavyochukia mvua iliyomharibia nguo. Safari hii nilikuchukia wewe mwenyewe, kwa jina. Nilihesabu siku ambazo ningemsikiliza: binti yangu alipoolewa, mjukuu alipozaliwa, mimi mwenyewe nilipofiwa na mke wangu na nyumba ikawa kubwa ghafla. Siku hizo zote alikuwa juu ya kabati, na wewe ulijua.

Hili silipunguzi. Ulinidhulumu, Nukta. Na mimi nilikudhulumu kwanza, kwa ulimi. Ukiziweka dhuluma hizi kwenye mizani yako sijui itaegemea wapi, na nimechoka kuipima.

Mwezi wa nane nikaondoa kile kitambaa. Nilitaka kuusikiliza utepe mpaka mwisho, nione kama kuna kitu cha kunisaidia kukukasirikia vizuri. Ilikuwa saa tisa mchana, mtaa umelala, hata mbwa wa jirani amekubali. Baada ya ile ndoto ya maji kuna vifungo tena, muda mrefu, mpaka mtu anasahau kwamba anasikiliza. Nilihisi ule ubaridi wa sakafu ya chumba kile chini ya nyayo. Nilikuwa nimevua viatu, sijui nilivua saa ngapi.

Kisha anasema, "Nukta, umekula?"

Hujibu. Unakohoa kidogo. Ulikuwa na haya, nakumbuka, ulikuwa unaona umezidi kula kwetu. Vifungo. Anauliza tena, polepole zaidi, "Wewe Nukta, nakuuliza, umekula?" Na hapo mimi mpumbavu naingilia, nasema Mama tunarekodi, usiulize mambo ya chakula. Anasema, "Basi rekodini, mimi nimemuuliza mwanangu."

Halafu kiti kinasogea, anatoka, na utepe unaisha ukipiga-piga ile rili.

Nimerudia mara nyingi kupita kiasi. Namsikiliza mama yangu, na kila mara ninayemngoja ni wewe. Nimekaa pale na uzee wangu nikikuhimiza, jibu basi, sema neno. Sikutegemea. Nilikuja kutafuta hasira, nikakuta nina hamu na wewe.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna kile kikopo. Nimekichomoa kigurudumu jana baada ya kula, nimekifuta, nimekipaka poda kama unavyofanya. Mashine haiwezi kucheza tena. Taa inawaka, mota inazunguka bure, utepe umesimama palepale Mama anapouliza mara ya pili. Usinitumie kwa posta, nitakirudisha. Kilete mwenyewe, mfukoni, kama ulivyoondoka nacho.

Chumba cha mbele kina kitanda. Ngazi ni kumi na nane, pumzika ya tisa. Viatu vinavuliwa mlangoni.

Uje umjibu Mama.

Kaka yako,
Miwani