Kombi ya Kurudia Molo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kibugu, Embu. Mwaka wa thelathini na tatu tangu tufurushwe Molo. Tulisema tutakaa kwa kina mke wangu, Lydiah, mpaka mvua ipungue.

Leo injini imetoka. Boliti nne tu ndizo zilizoishikilia! Mimi na Gachoki tumeishusha juu ya tairi kuukuu, tukaiburuta hadi sebuleni, maana nje ni ukungu na manyunyu. Kombi imebaki uani, nyuma wazi. Kitanda chake kipo, sinki lake dogo lipo, jiko la gesi lipo. Kule hatuna nyumba, iliteketea. Tutalala ndani ya gari, kwenye shamba letu wenyewe, mpaka tujenge. Jirani wa zamani amepiga simu tena. Anasema pametulia, na vijana waliotuchomea siku zile sasa ni babu kama sisi. Njooni.

Gachoki ni ndugu mdogo wa Lydiah, dereva mstaafu wa lori la majani chai. Ardhi ninapoishi ni yake. Aliizunguka injini mara mbili, akauliza: "Shemeji, hii unaifanyia ovaholi au matanga?"

Mwanamume kuzeekea kwa wakwe. Hakuna aliyewahi kunitupia neno hilo. Najitupia mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefungua yote. Pistoni nne, silinda nne, vijiti vinane vya kusukuma vali. Kila kimoja kimelika na mwenzake miaka yote hii — ukivichanganya, injini itagonga na kunywa oili. Nimevipanga kwa safu nne juu ya magunia, kila safu na namba yake kwa chaki.

Lydiah huvuka safu zangu kama anavuka kitalu cha miche. Tangu nianze kazi hii hasemi kitu. Nadhani anafurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Jumuiya yetu ya kanisa inasali kwetu kesho. Nilikuwa nimekwenda Runyenjes kutafuta gasketi. Kurudi — lo! Ruguru, mwenyekiti wa jumuiya, na akina mama wenzake wamesafisha sebule. Vyuma vyangu vyote vimeoshwa kwa maji moto na sabuni, vimeanikwa kwenye kichanja cha vyombo. Pistoni upande huu, silinda upande ule, kwa usafi kabisa. Ringi za pistoni zimetungwa kwenye kamba ya katani kama bangili.

"Mwalimu, Padri angekanyaga wapi?" Ruguru akaniambia. "Tumesugua mpaka ndani. Hata sufuria zenu hazing'ai hivi!"

Chaki imekwenda na maji.

Nilitafuta hasira, sikuipata. Kilichokuja — niandike ukweli, nani atasoma — kilikuwa kama kutua mzigo. Basi haiwezekani tena, nilijiambia. Injini imekufa na si mimi niliyeiua. Nikawashukuru. Nilishukuru kwa moyo.

Jioni Lydiah akaniita kwenye kichanja. Kila kipande kilikuwa na uzi. Mimi nilikuwa nimeona nyuzi, nikadhani ni za kuning'inizia. Kumbe aliposikia maji yanachemshwa alikimbilia uzi wake wa kufumia: nyekundu safu ya kwanza, kijani ya pili, njano, buluu. Hata ringi kwenye kamba zimetengwa kwa rangi.

"Ruguru huwezi kumzuia," alisema. "Lakini usihangaike, Baba Wawira. Safari yako ipo."

Nikamshukuru na yeye. Asante hiyo ilinikwama.

Jumapili, 15 Juni

Ibada. Ruguru aliombea injini na wasafiri. Wote wakajibu amina. Nilisikiliza ya Lydiah, sikuisikia.

Jumanne, 24 Juni

Meru, na Gachoki. Tulipeleka kranki kwa Mwenda, mchonga vyuma. Hiyo ndiyo roho ya injini. Ikiwa imelika kupita kiasi, hakuna nyingine ya kubadilishia, gari la zamani hivi. Mwenda aliipima, akaigeuza, akaipima tena. Mimi nimesimama kama anayesubiri majibu hospitalini.

"Mzee, hii ni nzima. Ni polishi tu."

Nikamwuliza kama ana hakika. Kama angepima mara moja zaidi.

Alicheka mpaka akaweka kipimo chini. Eti wateja wake hubishana akiwaambia imekufa, mimi ndiye wa kwanza kubishana nikiambiwa ni nzima!

Njiani Gachoki alinitazama sana.

Jumatano, 2 Julai

Kutu kidogo kwenye silinda, kazi ya yale maji moto. Imetoka kwa oili na kitambaa. Narudisha safu moja baada ya nyingine. Kila kipande kikikaa mahali pake nakata uzi wake. Mikono inaifurahia kazi. Mikono tu.

Jumatano, 9 Julai

Ruguru alipita lango akiwa na kuku wawili kila mkono, vichwa chini. Kuku wa Lydiah! Nikauliza. Akashangaa kwamba sijui: Mama Wawira amemwachia, kwani ndani ya Kombi watalala wapi?

Baadaye Lydiah alikuwa jikoni akiongea kwa simu na Wawira, binti yetu wa kwanza, yule wa Embu mjini. Sikukusudia kusikiliza. Nilisikiliza. Alisema alikimbia Molo akiwa na nguvu, na sasa anarudishwa akiwa na magoti haya. Kwamba kila akifikiria barabara ile ya kupandia huko anasikia harufu ya moshi. Wawira lazima alimwambia akatae, kwa sababu alijibu kwamba hawezi: mwanamume yule amengoja miaka yote, na peke yake hataweza hata kuchemsha uji.

Nilirudi sebuleni polepole. Nikakaa juu ya tairi.

Yeye anakwenda kwa ajili yangu. Na mimi ninakwenda kwa sababu nilisema tutakwenda — nilisema mbele ya watu, nikalisema kila Krismasi. Mimi nataka nini? Sijaulizwa tangu tisini na mbili. Sikujiuliza.

Ijumaa, 11 Julai

Injini imerudi mahali pake. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikazima. Gachoki akageuza taimingi ya cheche kidogo tu. Ikashika! Sauti ile ile ya cherehani kubwa. Tulipiga makofi, wazee wawili wamejaa grisi.

Halafu nikamwuliza, kwa kelele ile ya injini, kama hajachoka na mimi kwenye ardhi yake.

"Ardhi yangu?" akasema. "Shemeji, miaka hiyo yote mimi nililala kwenye lori. Wewe ndiye ulikuwa hapa. Wakati mwingine nikirudi mbwa ananibwekea mimi, wewe anakuchekea. Mgeni ni nani?"

Nikamwuliza: na siku yangu ikifika?

"Utachimbiwa hapa hapa, na watu. Kwani sisi ni nini?" Akainama kutazama kama oili inavuja. Haivuji.

Jumamosi, 12 Julai

Usiku nimelala usingizi mmoja mpaka asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilisema jana nitalijaribu gari leo mpaka Runyenjes na kurudi. Lydiah hakusikia "na kurudi", au hakuamini. Yuko ndani ya Kombi tayari. Amevaa koti la kanisani, begi mapajani, chupa ya chai miguuni. Ameketi wima, anatazama mbele, kama mtu kwenye kiti cha daktari wa meno.

Nimeingia kuchukua kofia. Nimekaa kuandika haya kwanza, nisije nikayameza tena njiani.

Injini inanguruma uani, sawasawa, haigongi popote. Amepiga honi mara moja — fupi, ya adabu. Sijui atacheka, au atalia, au atanigombeza kwa miaka yote aliyonyamaza. Ana haki ya yote matatu. Jirani wa kule nitampigia mimi mwenyewe, alime shamba lile.

Honi tena. Natoka kumwambia. Mimi sirudi Molo.