Nimemvalisha Mtalii Kizibao cha Marehemu

Mpendwa Bi Graciete,

Naomba unishauri upesi hapo gazetini kwako, maana zimebaki siku kumi na mbili tu kufika sikukuu ya Mtakatifu Antoni na shoga yangu wa tangu miaka hamsini iliyopita hataki hata kuniona. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka sitini na saba, nimezaliwa hapa hapa Lisbon kilimani, na nguo za gwaride la mtaa wetu, lile la kucheza na kushindana na mitaa mingine usiku wa sikukuu, nashona mimi, lakini usinisifu bado, ngoja nimalize.

Shoga yangu huyo, Lucília, alikuwa akikaa mkabala na mimi, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, mpaka mwaka juzi mwenye nyumba alipokataa kumwongezea mkataba akaigeuza nyumba kuwa ya watalii, naye akahamia ng'ambo ya mto, Barreiro, kwenye chumba ambacho mwenyewe anasema ukitaka kufungua kabati inabidi kwanza upande kitandani, ndiyo maana sanduku la nguo za marehemu mumewe, Abílio, aliniachia mimi kama amana. Siku ile nililia kumshinda yeye. Tangu hapo kila maandamano ya kupinga nyumba za watalii nimo, mbele kabisa, napiga sufuria kwa mwiko mpaka mkono unakufa ganzi.

Sasa sikia aibu yangu. Funguo za mlango wa kijani ninazo mimi. Mwenye nyumba alinifuata akasema Bi Ermelinda, wewe uko karibu, uwe unapokea wageni na kubadilisha shuka, na mimi mashono yalikuwa yamepungua kwa sababu wa kushonewa wamehama, nikakubali, Lucília sikumwambia, kila siku nasema kesho, na Jumamosi moja wageni niliowapigia sufuria asubuhi wakanikuta mchana mlangoni nawakaribisha, mwiko bado ninao mkononi, wakacheka wakaomba kupiga picha na mimi.

Gwaride letu ni la jozi ishirini na nne, za mwanamume na mwanamke, wakicheza na matao ya karatasi mikononi, na kwa desturi yetu mchezaji awe amezaliwa mtaani au awe analala mtaani. Waliobaki kulala ni kumi na mmoja, wengine wote huja mazoezini kwa treni na kivuko, na Lucília huvuka kila Jumanne na Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki mbili zilizopita mwanamume anayecheza naye akateguka goti, tukatafuta mwingine juu chini tukakosa, ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Custódio, akamwona Joost, Mholanzi mmoja, mwalimu mstaafu aliyepanga miezi mitatu pale mlango wa kijani, amesimama anatutazama huku miguu inacheza yenyewe.

Nikasema, "Mzee, huyo ni mtalii!"

Akasema, "Sharti si alale mtaani? Kwani huyu halali? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna jembe, mpe tao la karatasi abebe!"

Jumapili tukamjaribu, na kweli, Bi Graciete, mtu anacheza huyo.

Kosa langu ni kizibao. Wanaume wetu huvaa vizibao vyekundu, Joost ni mrefu, kitambaa kilikuwa kimepungua, na Abílio naye alikuwa mrefu vilevile. Nikafungua sanduku. Nikajiambia nitakirudisha baada ya sikukuu, nani atajua, chekundu ni chekundu. Jumanne Lucília akaja akutane na mwenzake mpya, akakiona kizibao, akasimama mbali naye. Joost akadhani anaona haya, akamchangamkia kwa Kireno chake cha kuokoteza: "Mimi jirani! Mlango wa kijani! Bi Ermelinda kanipa funguo, kanipa na nguo. Mama mzuri sana!"

Lucília akanigeukia. "Funguo unazo wewe, Linda?"

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Nyumba yangu umempa. Nguo ya Abílio umempa. Bado nini, nije nimpikie?"

Akachukua mkoba wake akateremka kwenda kivukoni, na tangu siku hiyo simu zangu hapokei. Nikimtoa Joost, Lucília hana wa kucheza naye, na nikimwacha, Lucília harudi. Mzee Custódio anasema nitafute mwanamke mwingine yaishe, lakini mimi gwaride bila Lucília sitaki hata kulisikia. Nimemwandikia ujumbe wa simu mara tisa, nikafuta mara tisa. Nifanye nini?

Ermelinda, mwenye haya


Bi Ermelinda,

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta, kisha nikakasirika kwa niaba ya Lucília. Vumilia vyote viwili.

Kwanza, tumwache Joost wa watu. Ameambiwa acheze, kacheza. Amepewa nguo, kavaa. Ungempa sufuria angeandamana. Wala sikulaumu kwa kufua shuka. Aliyemtoa Lucília ni mwenye nyumba, si wewe, na fundi asiye na wa kumshonea lazima naye ale. Zamani tulisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hizi mgeni akija mwenyeji anafungasha, na hilo sufuria moja haitalimaliza, ingawa nakuomba uendelee kuipiga.

Lakini amana, mama! Mtu kapoteza mume, kapoteza nyumba, amebakiwa na vitu viwili mtaani kwenu: sanduku moja na rafiki mmoja. Sanduku ukalifungua, na rafiki kumbe ana funguo mfukoni muda wote huu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeumbuliwa kwa Kireno cha kuokoteza. Kwamba kuna wageni wanaolala kwenye nyumba yake ya zamani Lucília alikuwa anajua siku zote. Kilichomuuma ni kupewa habari zako na mtalii.

Kuna jambo jingine, na hili nimesoma barua yako mara tatu nikilitafuta. Lucília anavuka mto kila Jumanne na Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe umevuka mara ngapi? Hata lile kabati lake unanisimulia kwa maneno yake. Unampenda, sina shaka, lakini unampenda akija.

Sasa fanya hivi. Huo ujumbe wa kumi usiuandike. Leo mvue Joost kizibao, kifue kwa mkono, kipige pasi. Mshonee chake, hata kama ni cha kuunga vipande. Fundi wa umri wako akishindwa na kitambaa kifupi, hiyo ndiyo aibu ya kutia gazetini. Kesho asubuhi panda kivuko na sanduku zima. Akikwambia urudi nalo, rudi nalo, uzito huo unakustahili. Mweleze habari za funguo tangu siku ya kwanza, na neno "lakini" liache nyumbani. Halafu nyamaza akuseme mpaka achoke.

Gwaride usilitaje wewe, lisubiri kinywani mwake. Akikubali kucheza na Joost, heri. Akikataa, mwambie Mzee Custódio apange jozi ishirini na tatu, na nambari ya mwisho muipokee mkicheka. Ila wewe Jumanne ijayo usimngoje Lucília mazoezini. Nenda kwake tena, mikono mitupu, ukanywe kahawa tu.

Na usiniambie Barreiro huijui. Ukipotea, simama uulize njia. Hutakosa wa kukuelekeza, tena atakuita kwa jina, maana nusu ya mtaa wenu wanaishi huko.

Graciete