Mpaka wa Tepu ya Manjano

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, tarehe kumi na nne.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kukohoa kidogo kusafisha koo, nakutangazia kwamba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha nyumba hii kimegawanywa rasmi kuwa pande mbili. Mpaka ni tepu ya umeme ya rangi ya manjano. Inaanzia ukutani, inapanda juu ya meza, inashuka upande wa pili na kukatiza sakafu. Upande wa dirisha ni wangu. Upande wa soketi ni wa mumeo. Mlango ni wa wote, kwa sababu tepu iliisha.

Baada ya tangazo hilo zito, salamu. Hujambo? Mgongo unasemaje? Bado wanakushonesha yale mashuka ya hospitali kutwa nzima, ukiinuka kwenye kiti unatembea kama alama ya kuuliza? Jikunjue, mdogo wangu, usije ukaturudia umepinda. Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Wifi yako hajambo na anakusalimu sana, ingawa mimi hanisalimu sana siku hizi.

Ningekupigia simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo naandika, na yule jirani yetu muuguzi anayerudi huko keshokutwa amekubali kuibeba barua.

Ile yako kwa mumeo ilifika. Aliisoma amesimama mlangoni, hata begi la kazini hajalitua. Mistari minne, niliihesabu kwa nyuma ya karatasi, kwenye mwanga. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaenda kunawa mikono. Wakati wa kula akamwambia Mama, kwa adabu zote, kwamba mwisho wa mwezi anahama. Atakaa kwenye kile chumba cha stoo nyuma ya karakana yao ya friji. Mama akaacha kutafuna. Mimi nikaendelea, maana mdomo ulikuwa umeshajaa.

Uliniambia kwenye simu ulichomwandikia: aache kugusa vitu vya watu, na kama hawezi, atafute pa kukaa. Basi amekusikia. Amepata.

Nikukumbushe ugomvi wenyewe, kwa kuwa wewe hujawahi kuupenda huu upuuzi wetu. Ile mashine kubwa niliyoiunda kwa vipuri vya redio zilizokufa ina nobu arobaini na tatu za kuzungusha na matundu mengi kuliko chujio. Unachomeka waya kutoka tundu hili kwenda lile, unazungusha nobu hii kidogo na ile kidogo zaidi, na umeme unalia. Siku njema unalia kama kitu. Siku nyingine unalia tu. Ila haina kumbukumbu hata chembe. Si kama kompyuta, kwamba utaiamuru ihifadhi. Sauti ni zile waya zilivyokaa na zile nobu zilivyoelekea, basi. Ukivuruga, imekwenda, na hakuna ofisi ya kwenda kuidai.

Kwa hiyo chumba kina sheria moja. Mtu akiacha sauti kwenye mashine, hauguswi waya wala nobu mpaka sauti iingie kwenye kanda. Nami nilikuandikia katika ile barua ya mwezi uliopita kwamba sheria ilivunjwa, waya zilikutwa zimekunjwa na kutundikwa msumarini, na mumeo akanigeukia mimi. Ukakasirika kwa ajili yangu. Ahsante.

Sasa vita. Mumeo unamjua, huongea kama anayelipia maneno. Ndiyo maana nilimbatiza Bwana Friji, kwa kazi yake na kwa tabia yake, unamfungulia mlango unakutana na ubaridi na taa. Lakini ile Jumapili kabla ya mpaka alisema. Alisimama katikati ya chumba, akanitazama, akasema, "Shemeji, wewe miaka ishirini unatengeneza mlio wa mbu."

Nikamjibu arudi kwenye friji zake akasikilize barafu.

Kesho yake akaja na tepu.

Usidhani tepu ilileta amani. Mashine hizi, yangu na kinanda chake cha umeme, zina tabia za wazee, hazitulii mpaka zipate joto la nusu saa, na upepo ukizipiga zinashuka sauti. Mimi ninalo dirisha. Basi akianza kupatanisha noti zake nafungua dirisha, taratibu, kama mtu anayejali afya. Kinanda chake kinaanza kulia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango wa gari. Yeye analo soketi. Basi nikifika dakika ya ishirini na nane ya kupasha moto, anachomoa plagi yangu ili achaji simu. Simu yenyewe imejaa.

Alhamisi alinipigia noti moja nzito kwa dakika arobaini. Moja. Sahani za wifi yako zilitembea kabatini, na kikombe kimoja kikaamua kujiua. Wifi yako akaja mlangoni na mkono wa kikombe, akauliza sisi tuna umri gani. Nikamwambia mimi arobaini na tisa. Akasema hakuwa anauliza hesabu.

Hatusemezani. Tunapitia kwa Mama. Juzi mezani mumeo alisema, "Mama, naomba umwambie mwanao kwamba mguu wake ulivuka mpaka."

Nami nikasema, "Mama, mwambie mkweo kwamba mguu ni wangu na sakafu aliimwaga baba."

Mama akasema chakula cha wasiosemezana ameshawapa paka, na kweli alikuwa amewapa.

Pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya ni yake, na ameifungia. Risasi ni yangu, na nimeificha ndani ya buti. Kwa hiyo katika nyumba yenye mafundi wawili, redio ya mteja wangu ina waya uliokatika wiki nzima na hakuna wa kuuchomelea. Hata ule wimbo wetu, uliowahi kupigwa redioni sekunde ishirini kabla ya hali ya hewa, kanda yake tumeigombania mpaka kila mmoja akakataa kuwa aliwahi kuupiga.

Nawe usijitoe, mdogo wangu. Ulimwaga mistari minne kutoka huko uliko kama mtu anayemwaga maji ya sufuria dirishani bila kuchungulia anayepita chini. Ungeuliza kwanza. Hata swali moja. Umeolewa na mtu yule miaka kumi na mmoja, umewahi kumwona akivunja kitu cha mtu? Mtu anayefuta miguu mara mbili mlangoni?

Lakini ndiyo hivyo, damu ni yangu na yako, ukaniamini mimi.

Karatasi inakwisha. Mama anasema ule vizuri, na usivae zile soksi mbichi. Wifi yako anasema kikombe hakikuwa chako, usihuzunike. Wasalimie wenzako wa chumba kimoja, hasa yule anayecheka kwenye simu kabla hajaambiwa kichekesho. Mungu akulinde njiani na kazini, akulainishie wasimamizi wako, akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda tangu ulipokuwa huna meno.

*

Nimeshatia sahihi. Nimefunga kalamu, nimeifungua, nimeifunga. Bahasha iko hapa mbele yangu. Nimesoma niliyoandika na nimecheka mahali pawili, na kwa kucheka huko nimejua kwamba sijaandika barua niliyokaa kuandika. Geuza ukurasa.

Ilikuwa Jumanne, wiki tano zilizopita, baada ya chakula cha mchana. Mumeo alikuwa kazini. Alikuwa ameiacha mashine kubwa imewashwa, sauti inajizungusha yenyewe, chini kwa chini, na karatasi ameibandika kwa gundi: Shemeji, tafadhali usiguse, jioni narekodi. Nikaongeza sauti kwenye spika nisikie anachokiita muziki.

Ilikuwa cherehani yako. Ile ya kukanyaga. Jinsi inavyoanza kwa kusitasita, inavyoshika kasi kwenye mshono ulionyooka, inavyofika kwenye pindo nene na kupunguza, inanguruma kidogo, inavuka. Hakurekodi cherehani yoyote, mdogo wangu, yako tuliiuza ulipoondoka. Aliitoa kwenye umeme mtupu, kwa kukumbuka. Palikuwa hata na ule mkwaruzo wa kanyagio ambalo wewe kila siku ulisema kesho utalitia mafuta.

Nikiwa nimesimama pale nikasikia miguu ya Mama. Alikuja mpaka mlangoni, gauni lake la bluu mkononi, akaanza kusema kabla hajaingia, "Nipunguzie pindo, mwanangu, nalikanyaga kwenye ngazi."

Kisha akaniona. Akatazama mashine, akatazama kiti. "Aa," akasema, "ni wewe." Akarudi na gauni lake.

Miaka ishirini Mama amekuja kwenye mlango ule kwa jambo moja tu, kuniambia nipunguze kelele. Mumeo nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha mimi tundu la kwanza na waya wa kwanza, nikamcheka jinsi alivyoushika kama anashika nyoka. Na sasa yeye alikuwa ameingiza mtu chumbani, na mimi nilikuwa nimeingiza mbu.

Nikajiambia nataka tu kuona alivyofanya. Nikafuata waya mmoja kwa kidole. Nikazungusha nobu moja, kidogo tu, nisikie inafanya nini, nikairudisha. Haikurudi. Ilirudi karibu na pale, na karibu na pale ikawa cherehani ya mtu mwingine, mtu mwenye haraka. Nikagusa ya pili ili kuiponya ya kwanza. Nikagusa ya tatu. Kufika saa tisa palikuwa hakuna cherehani, palikuwa na mlio mwembamba ambao naujua vizuri sana.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni ujinga. Lakini nimekaa kuandika ukweli, na ukweli ni kwamba nilipoona haitarudi tena, kuna mahali ndani yangu palipumua.

Kisha nikachomoa waya zote. Nikazikunja vizuri, nikazitundika msumarini, nikairudisha kila nobu kwenye sifuri, nikaibandua ile karatasi yake nikaitia jikoni motoni. Pembeni ya mashine lilikuwa boksi la kanda tupu, na juu yake alikuwa ameshaandika anwani yako. Hilo nililiona. Sikuligusa, kana kwamba hilo ndilo lingenitofautisha na mwizi.

Aliporudi jioni nikamwambia nimekuta hivyo hivyo, labda alichomoa mwenyewe akasahau. Akazitazama waya msumarini muda mrefu. Akaniuliza swali moja, kama ni mimi. Nikapandisha sauti, unajua ninavyopandisha sauti nikiwa na makosa, nikamwambia ananivunjia heshima ndani ya nyumba ya baba yangu. Kesho yake, kabla hajapata wazo la kukuandikia, nikakuandikia mimi, nikakuacha uamini kwamba sauti iliyovurugwa ilikuwa yangu.

Yeye amejaribu kuirudisha. Nimemsikia kupitia ukuta siku saba mfululizo, anapata mshono, anakosa pindo. Ameacha.

Leo asubuhi nilimkuta anakifunga kinanda chake kwa blanketi, lile la kahawia mlilopewa mlipooana. Nikasimama mbele yake nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, na gauni la Mama pia. Nilitegemea ngumi. Nilikuwa nimevua miwani kabisa.

Akaendelea kufunga kamba. Akasema, "Usiniambie mimi. Mimi najua sikugusa. Mwambie aliyeniandikia."

Basi ndiyo nakuambia, na nimetumia kurasa nzima za utani kabla sijafika. Ana siku kumi na sita. Mwandikie mistari mingine, au mpigie, lakini si kwa sababu kaka yako amekuomba. Kaka yako hana tena cha kukuomba kuhusu mtu yule. Na hata ukimwandikia, usimwambie anisamehe. Mwambie tu abaki, gauni bado liko nyuma ya kiti cha Mama na pindo lake refu.

Nilitaka kumwambia neno moja zaidi pale chumbani, nikasogea. Hakuinua hata kichwa. Alinyoosha kidole tu chini, kwenye tepu ya manjano, mahali mguu wangu ulipokuwa umevuka.

Nikaurudisha.

Akupendaye, hata wiki hii ambayo wewe hutaweza,
Kaka yako.