Mbele ya Macho ya Wote

Jumapili, 8 Januari

Nimerudi kutoka kwenye tamasha la michezo ya mezani Madison, ile ya kuigiza hadithi kwa kurusha dadu. Siku mbili ndani ya ukumbi wa hoteli unaonuka soksi na jibini ya kukaanga. Meza yangu ya kuuzia michezo ninayotunga wameiweka karibu na mlango wa choo, kama kila mwaka. Angalau watu wanapita! Wanapita mbio, wamebana mapaja.

Jirani yangu alikuwa yule mwenye ndevu za kusuka, anayejiita "mjenzi wa dunia." Dunia zake zote zina msitu na mfalme mbaya. Huongoza mchezo akiwa amejificha nyuma ya ukuta wa kadibodi uliochorwa joka, anarusha dadu zake hukohuko nyuma, halafu anachungulia na kutangaza: mmenusurika! Kila mara wamenusurika. Watu wazima na vitambi vyao, wanalipa kiingilio wadanganywe, kisha wanapiga makofi. Nilimuuliza dadu ilisema ngapi. Akanikonyeza. Mshenzi, alinikonyeza!

Mchezo wangu, ukurasa wa kwanza, kanuni ya kwanza: dadu zote zinarushwa mezani, mbele ya macho ya wote, na mwongoza mchezo hana pa kujificha. Ikianguka sakafuni haichukuliwi. Inahesabiwa palepale ilipolala, na wote wanaitwa waione. Bwana mmoja mwenye miwani aliifungua nakala, akasoma, akaniuliza kama huo si ukali, si afadhali mtu arushe upya? Nikamwambia aende akacheze kwa yule mwenye ndevu. Akaenda. Wateja wangu huwa wasikivu sana.

Jumanne, 10 Januari

Sloane amepiga simu nikiwa kazini kwenye duka la rangi, mikono imejaa rangi inayoitwa Maziwa ya Asubuhi. Ni nyeupe. Nyeupe tu! Lakini aliyeibatiza jina analipwa kunizidi mimi ninayeichanganya.

Sloane ni mhariri, yuko New York, na anaongea nami kama mtu anayebembeleza farasi mgonjwa. Ameisoma riwaya yangu yote isipokuwa sura ya mwisho, kwa sababu sura ya mwisho haipo. Haipo kwa sababu hatujaicheza. Nikamweleza tena, polepole: riwaya nzima imetoka jikoni kwangu hapa Racine, miaka kumi na moja ya Jumamosi. Nahodha Osma, yule mwanamke wa feri mwenye jicho moja na mdomo mchafu, si wangu. Ni wa Mzee Verlyn, ndiye anayemcheza tangu siku ya kwanza. Mimi naleta mto na barafu, yeye anamleta Osma, dadu zinaamua. Mzee alikubali nimwandike Osma kwa sharti moja, kwamba mwisho wake utatoka mezani na si kichwani mwangu.

Sloane akasema ofisi nzima inalipenda wazo la dadu. Italichapa hadi kwenye jalada. Kisha akashusha sauti.

"Ila Karla, mpenzi... dadu zimwache hai, eeh?"

Osma akiwa hai, wanataka vitabu vitatu, na mkataba uko tayari. Akifa, "tutatafakari upya." Tafsiri yake naijua, nimetafakariwa upya mara nyingi maishani. Nikamwambia dadu haziombwi. Akacheka. Alidhani natania.

Jumamosi, 14 Januari

Tumecheza. Tammi, mwenzetu wa mezani, alichelewa, basi lake la shule lilimgomea tangu jana na bado ana grisi kwenye kucha. Kurt alikuwa wa kwanza kufika, maana kuna kringle, ile keki ya mviringo ya hapa Racine. Shemeji yangu huyu anaweza kuinusa keki kutoka upande wa pili wa ziwa.

Ameniletea zawadi, eti ya Krismasi, imechelewa. Sinia la mbao lenye kingo na kitambaa cha mahameli, la kurushia dadu zisikimbie. "Shemeji, meza yako imeinama," akasema. "Hata wewe unajua imeinama." Nikamuuliza kama amenunua na bibu za watoto wachanga za kutuvalisha shingoni. Tammi alicheka hadi kahawa ikampalia. Sinia nimelitupa juu ya friji, linafaa kuwekea vitunguu.

Osma yuko kwenye lango la mto, barafu inafunga nyuma yake, mji mzima umepanda feri. Verlyn alikuwa anamsikiliza Osma, najua, ndivyo anavyofanya. Huinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini.

Jumatano, 18 Januari

Waandishi mtandaoni wanapeana pongezi. Kila mmoja "amenyenyekea mno" kutangaza mkataba wake. Wamenyenyekea hadi wamepiga picha na keki! Mmoja wao, dada wa Minneapolis, ameandika kwamba wahusika wake "humnong'oneza usiku." Wangu hawanong'onezi. Wangu wanakuja na viatu vyenye theluji, wanakula, wanabishana, wanakataa kufanya nilichopanga. Ndiyo maana riwaya yangu ni nzuri kuliko yake. Najua ni nzuri.

Leo mteja amerudisha Maziwa ya Asubuhi, eti imezidi weupe.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nimetunga michezo tisa, na inayonunuliwa zaidi ni ile ya kurasa nne kuhusu majirani wanaogombania mbwa. Nataka vitabu vitatu. Nataka kumwambia Dennis, bosi wa dukani, achanganye mwenyewe rangi zake. Basi, nimeandika. Nataka hivyo vitabu hadi meno yananiuma.

Jumamosi, 21 Januari

Nimefanya ujinga. Nilipokuwa namsindikiza Mzee Verlyn kwenye gari, nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, angejisikiaje kama mwishoni Osma angepewa nafasi. Nafasi kidogo tu. Tuseme arushe mara mbili.

Akasimama. Akavua glavu moja, sijui kwa nini, akaishika mkononi.

"Binti, nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nauliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu."

Kisha akaniambia jambo ambalo hajaniambia miaka yote hii. Tangu mkewe Arlene afe, wanawe wanamwachia ashinde karata. Wote watatu. Wanakuja Jumapili, wanacheza, wanajifanya wamesahau zamu, wanatupa karata nzuri. "Nimekarabati mabasi ya mji huu miaka thelathini na nane, na wanadhani sioni! Mwanangu mkubwa hajui kudanganya, masikio yanamwiva, yanakuwa mekundu." Hapo akacheka, lakini si sana. "Nashinda kila Jumapili, binti. Sijui kama bado najua kucheza. Nikija hapa najua. Ukinipiga, umenipiga. Kwako peke yako sijawahi kuhurumiwa."

Nikamwambia sawa. Nikamwambia avae glavu, atapoteza vidole.

Akawasha gari, akashusha kioo. "Akifa, afe vizuri. Umwandike vizuri!"

Alhamisi, 26 Januari

Mkataba umetumwa. Nimeusoma dukani, nyuma ya makopo. Kila ukurasa unamtaja Osma kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake.

Nikamwandikia Sloane kwamba tunacheza Jumamosi na kwamba sitaahidi chochote. Akajibu upesi, na vialama vya moyo: kwani nani atajua?

Nani atajua! Watu watatu watajua, ewe mwanamke, watakuwa wameketi pale wakitafuna. Ndivyo walivyo hawa watu wa vitabu. Wanapenda ukweli kwenye jalada. Humo ndani wanataka uwe umepakwa sukari. Tofauti yake na yule mwenye ndevu ni kwamba Sloane hata kadibodi hana.

Nimemjibu kwa adabu kiasi. Sikusema neno "mshenzi." Lakini mkataba sijaufuta, uko palepale kwenye simu.

Ijumaa, 27 Januari

Theluji mchana kutwa. Nimekula samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa na Tammi pale baa ya kona. Akaniuliza mbona siwatukani watu wa meza ya jirani, naumwa?

Nimeandika sura ya mwisho. Mbili. Katika moja anakufa, na hiyo ndiyo nzuri, ilinitoka yote kwa mkupuo mmoja, nikalia kama mjinga. Katika nyingine anaishi. Ile ni ya kawaida tu, lakini inafunguka vizuri kuelekea kitabu cha pili.

Nimeikunja meza na kuikunjua tena. Bado imeinama.

Jumamosi, 28 Januari

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Nyumbani kwangu mwenyewe, saa tisa mchana, mlango nimeufunga kwa komeo. Bomba nimeliacha wazi maji yatiririke wasinisikie. Wasinisikie nini? Sifanyi kitu. Naandika. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni kama kawaida.

Ilikuwa hivi. Osma aliwashusha watu wote kwenye ukingo, akabaki peke yake, akaligonga lango kwa feri inayowaka moto. Verlyn mwenyewe alichagua. Sikumsukuma! Tammi alimsihi aruke majini pamoja na mtoto wa mwisho kushuka, akakataa. "Feri haiendi yenyewe, mama." Kurt aliacha kutafuna. Sijawahi kumwona Kurt akiacha kutafuna.

Nikasema, kwa dadu yetu ya pande ishirini, kumi na moja au zaidi, anatoka hai upande wa pili. Chini ya hapo, anakwenda na feri. Wote wakaitikia kwa kichwa. Haki kabisa, nusu kwa nusu.

Verlyn huirusha dadu kama anafukuza paka. Iligonga sahani ya kringle, ikaruka, ikateremka kwenye ule mwinamo wa meza, ikaanguka, ikabiringika nyuma ya jiko. Tukaisikia ikizunguka huko, kisha kimya.

Kurt akasema, "Sinia, shemeji. Sinia la mahameli." Nikamwambia anyamaze.

Mkono unaopita nyuma ya jiko ni wangu peke yangu. Nikalala kifudifudi na tochi ya simu. Vumbi, kijiko cha Arlene kilichopotea tangu enzi zile, na dadu. Imelala sawasawa, haijaegemea kitu, namba juu imetulia kama imechorwa. Nne.

Nne.

Kanuni ni yangu. Nilipaswa kusema njooni mwone. Jiko lina magurudumu, tungelivuta, wangeinama wote watatu na kuona. Badala yake nikanyoosha mkono na kuichukua. Nikasimama nayo ngumini na kusema nimejaa vumbi, naenda kunawa.

Na hakuna aliyeshtuka! Hilo ndilo linalonikera. Tammi alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha jikoni, Kurt akakata kipande kingine cha keki, Verlyn akasema chukua muda wako. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo, yule wa ndevu angefanya hivyo, ningempigia kelele hadi majirani wafungue madirisha. Mimi wananisubiri. Kwa sababu ni mimi.

Simu imetikisika kwenye aproni. Sloane. Anauliza: vipi??? Alama tatu za kuuliza, na moyo.

Dadu iko kwenye ukingo wa sinki. Nimeiweka ikionyesha nne. Kisha nimeiweka ikionyesha kumi na sita. Kumi na sita haizidi sana, haitii shaka. Ishirini ingekuwa mbwembwe.

Nimelijaribu neno mbele ya kioo. "Kumi na sita." Nikarudia, kwa furaha kidogo, kama mtu aliyeshangaa. Nimetazama masikio yangu. Hayakuiva hata kidogo.

Huko nje Tammi amesema mbona anakawia, au ndiyo mbaya? Verlyn akamjibu, namsikia vizuri ingawa maji yanamwagika, sauti yake ya gereji: "Tulia, wewe. Huyo akisema ngapi, ni ngapi."

Sasa kiti kimesogea. Anakuja kwenye korido, namjua kwa ule mguu anaouburuta. Amegonga, mara moja, kwa adabu.

"Binti? Ngapi?"