Kumbe Mama Hakuiharibu Maikrofoni

Mwenzangu, nina aibu mpaka basi. Asubuhi hii mtu nisiyemjua kabisa kabisha hodi. "Mimi fundi. Mama yako kanituma nitazame maikrofoni."

Mama! Yule yule niliyemfokea jana kwamba kaiharibu alipofuta vumbi kwenye kompyuta!

"Sijaigusa, mwanangu," alisema. Nami nikajigamba: ikionekana hana kosa, nitamwomba radhi papo hapo, mbele ya wateja wake wa kushona.

Fundi akashika waya wa hedifoni zenye ile maikrofoni. "Kuna kiswichi hapa, dada. Kimezimwa."

Kimezimwa! Nilikizima mwenyewe juzi kwenye maongezi ya mtandaoni, nisisikike nikikohoa!

Zilibaki dakika tano usaili wangu wa kazi uanze kwenye kompyuta ile. Nikakimbilia kibanda cha mama cha ushonaji, nikamwomba radhi mbele ya wateja watatu.

"Na usaili je, wewe?"

"Umeshaanza, mama. Nisamehe kwanza."